Ombi la Kuondoa Unyasi Mmoja Horini

Baba Mchungaji,

Bwana Yesu asifiwe. Sisi hapa nyumbani ni wazima wa mwili. Mengine ndiyo yaliyonifanya niache cherehani katikati ya msimu wa Krismasi nishike kalamu. Mimi ni yule fundi wa nyuma ya kanisa, niliyekushonea joho unalovaa kila Jumapili, na hujawahi kulilalamikia.

Nalalamikia Majilio. Mwalimu wa Shule ya Jumapili ameweka hori tupu mbele ya madhabahu, akawaambia watoto kwamba kila atakayetenda jema kwa siri ataweka unyasi mmoja ndani yake, ili Mtoto Yesu asije akalala kwenye mbao tupu. Wazo zuri, hata mimi nililisifu. Lakini nina watoto watatu, na hawataki kabisa kusikia habari za mbao.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Hiyo siri. Nyumbani kwangu siku hizi kila kitu kimefanyika na hakuna aliyekifanya. Sufuria zimesuguliwa mpaka mpini mmoja umeng'oka. Michongoma ya jirani yetu, mzee mstaafu wa posta, imepunguzwa vizuri sana kwa mkasi wangu wa vitambaa, mkasi ambao haujawahi kukata hata karatasi! Nikiuliza nani, wote watatu wananitolea macho ya malaika, maana kusema ni kupoteza unyasi. Nabaki nafoka peke yangu jikoni kama redio.

2. Kifungua mimba wangu, miaka kumi na minne, aliona nimelemewa, akaamua kunipelekea wateja nguo zao. Kwa siri, bila shaka. Aliacha kila furushi mlangoni, akabisha hodi, akatimua mbio. Suruali ya mzee wa kanisa ikaenda kwa mama kiongozi wa kwaya, na gauni la waridi la mama huyo likaenda kwa mzee wa kanisa. Mzee wa watu akaamini ni zawadi aliyoletewa mkewe. Mkewe akalivaa Jumapili ya pili, akaketi safu ya mbele, uso kwa uso na kwaya. Ulishangaa kwa nini wimbo wa tatu ulianza bila kiongozi, sasa umejua.

3. Wa kati ana miaka tisa na akili nyingi kupita kiasi. Mema yalipomwishia, alianza kuwatengenezea watu shida ili apate kuwatatulia. Baba yao ametafuta kiatu cha kushoto siku tatu mfululizo, na siku zote tatu kimekutwa mlangoni, kimepigwa rangi, kinang'aa. Cha kulia hakijaguswa. Kazini kwake wanadhani tumegombana. Nauliza kwa heshima: hori hilo lina nyasi ngapi za namna hii? Na Mtoto azilalie tu hivyohivyo?

4. Hili ndilo lililonitoa machozi. Dada yangu mkubwa anakaa nyumba ya tatu kutoka kwangu, na huu ni mwaka wa tatu hatusalimiani. Siku ya kipaimara ya kifungua mimba wangu alisema mbele ya akina mama wote kwamba zipu ya gauni nililomshonea mtoto imekwenda upande. Mimi! Fundi wa miaka ishirini! Basi wiki iliyopita kitinda mimba wangu, miaka sita tu, alikwenda peke yake kwa mama yake mkubwa, akamweleza kwamba mama anaomba radhi, kwamba zipu kweli ilikwenda upande, na kwamba anakaribishwa chakula cha Krismasi. Jamani, sikumtuma! Dada akamkumbatia, akalia, akakubali. Nimezipata habari kwa muuza maziwa, maana yake mtaa mzima unajua kwamba nimekiri. Na Jumapili, huyo mtoto akaweka unyasi wake huku ananitabasamia na pengo lake.

Kwa hiyo naomba kamati ya wazee ikae, iutafute unyasi huo, iuondoe. Ni ule mfupi uliopinda kidogo, upande wa miguuni. Jema lililotendwa kwa jina la mtu asiyelitaka si jema. Naomba pia dada aandikiwe rasmi kwamba msamaha alioombwa ulitolewa kimakosa, aurudishe. Na watoto wote wa usharika wapumzishwe kutenda mema hadi Januari, wateja wangu wapate nguo zao. Hori likipungukiwa, niko tayari kushona kigodoro cha pamba kwa vipimo mtakavyonipa.

Msalimie mama mchungaji, wanakwaya, mzee wa kanisa na mkewe (gauni asilifue kwa maji ya moto), na mwalimu wa Shule ya Jumapili, ingawa salamu zake ziwe chache. Wasalimie wote isipokuwa mmoja, unamjua.

Ni mimi, mwenye uchungu na mwenye haki,

Fundi wa nyuma ya kanisa

Nyongeza: Nimelitoa lile gauni la kipaimara kabatini ili niliambatanishe kama ushahidi. Nimelitandika mezani, nikalipima kwa tepu. Zipu imekwenda upande, Baba Mchungaji. Nusu inchi nzima. Na nisikufiche, niliijua asubuhi ileile kabla hatujatoka nyumbani, nikajipa moyo kwamba hakuna atakayeiona. Dada aliiona kwa sababu yeye ndiye aliyenifundisha kushona. Nimemkumbuka sana. Unyasi uacheni ulipo. Barua hii atakuletea kifungua mimba. Mimi navaa viatu niende kwa dada, maana mtoto ameyasema vizuri, lakini hayakuwa yake kuyasema.