Chuo Kikuu cha Magunia ya Ufuta

Halfani alikuwa akila muhogo wa kuchoma stendi ya Nachingwea aliposikia kilio kilichomfurahisha kuliko muhogo wenyewe. Bonifasi, diwani kutoka Ruangwa, alikuwa akifoka kwamba mpinzani wake katika uchaguzi wa mwaka huo wa 2005 ana digrii, ilhali yeye ana darasa la saba na kitambi.

"Siku hizi watu wanapigia kura vyeti!" alilalamika.

Halfani alifuta mdomo. Alishakuwa mganga, wakala wa mbolea, na bwana harusi mara mbili. Udaktari wa chuo ungemshinda nini? Juma lililofuata alishuka Ruangwa na suti ya mtumba, miwani isiyo na kazi, na kibao cha bati: Chuo Kikuu cha Ulimwengu, Tawi la Ruangwa.

Tawi lenyewe lilikuwa ghala la mjane mmoja, Mwamini. Binti yake Samia alikuwa amepata nafasi katika chuo kikuu huko Dar es Salaam, lakini mkopo wa serikali alinyimwa, na siku ya kuripoti ilikuwa inakuja mbio.

"Niachie ghala bure, mama Samia, binti atasoma papa hapa," alisema Halfani. "Dar akafuate nini? Migomo na kunguni?"

"Na mie je, Dokta?"

"Wewe ndiye Msajili wa chuo."

Akamkabidhi ufunguo, muhuri na kitabu cha risiti. Kwa wema? Thubutu! Halfani alikuwa na dini moja tu: jina lake lisikae kwenye karatasi. Kwa kuwa msimu wa ufuta ulikuwa umeiva, ada ililipwa kwa magunia, lakini risiti hazikutaja ada wala chuo. Zilisema Mwamini amenunua ufuta na muuzaji amelipwa, sahihi yake hii hapa. Siku polisi wakija, wamkute Mwamini.

Samia alizisoma risiti zile, kisha akaitoa barua yake ya Dar na kuisoma tena. Chuo cha kweli kilitaka ada ipelekwe benki. Akamnong'oneza mama yake, na mama yake akaendelea kugonga muhuri kama hakusikia.

Wasomi walimiminika. Mwalimu mkuu Benedikto, aliyewachapa watoto viboko kwa kuangaliziana, alitoa magunia sita apate shahada bila kufungua daftari. Bonifasi alileta kumi.

"Mitihani lini, Dokta?"

"Mheshimiwa, mtu wa hadhi yako nani wa kumtahini?"

"Hilo nalo neno," alisema Bonifasi, na kweli aliamini.

Baada ya wiki sita shahada zikatolewa. Bonifasi alitundika yake sebuleni, akachapisha mabango yanayomwita msomi. Halfani naye akaenda Nachingwea kukodi lori.

Aliporudi alikuta ghala tupu, limefagiliwa vizuri. Mwamini alikuwa kizingitini akichambua mboga.

"Ufuta uko wapi?"

"Nimeuza. Samia kaondoka jana, ada yake yote kashalipa."

"Mwizi wewe! Ufuta wangu! Naita polisi!"

"Twende, baba, si mbali. Ila utawaonyesha risiti gani? Zangu zinasema nimenunua mie. Jina lako nimelitafuta ukurasa kwa ukurasa, sijaliona."

Halfani alikumbuka wanafunzi wake, akapata matumaini. "Bonifasi atakushitaki!"

"Bonifasi? Asimame mbele za watu aseme digrii aliinunua kwa ufuta, na kura hizi hapa mlangoni?"

Hapo Halfani aligeukia lori. Dereva wa lori, Jumaa, alidai nauli ya kuja na kurudi. Hakupata nauli, akachukua suti, koti na suruali, akamwachia bwana mkubwa kaptura aliyoivalia ndani. Sijui kama aliona haya. Natumaini aliona.

"Dokta, ngoja," aliita Mwamini. Aliingia ndani akatoka na karatasi iliyogongwa muhuri: shahada ya biashara, jina Halfani. "Na wewe umehitimu."

"Mama Samia, nitafikaje Nachingwea?"

"Kwa miguu. Wenye digrii wengi siku hizi ndivyo wanavyokwenda."