Vita vya Shangazi na Kufuli Lililovishwa Koti

Sogeeni, enyi mliowahi kusimama mbele ya mlango wenu wenyewe mkageuka wageni! Tegeni masikio niwasimulie vita vya shangazi yangu, Simba-jike wa Cherehani, Mtawala wa Pindo na Kifungo, dhidi ya kufuli la duka lake, asubuhi ile ambayo gauni lilikuwa ndani na bibi harusi alikuwa nje, amevaa ndala na machozi.

Ufunguo uliingia, ukakataa kugeuka. Shangazi akakunja mikono ya blauzi, akahutubia:

"Ewe kufuli! Nimekulea kama mwanangu. Nikakushonea na koti, moshi usikuguse. Leo unaniaibisha mbele za watu?"

Naam, alilishonea koti la flaneli, lenye kifungo. Maana ng'ambo ya barabara lilinguruma tanuru la kuyeyushia vyuma, ambalo moshi wake wa salfa, ukikutana na umande wa alfajiri, hugeuka tindikali ikatafuna chuma kama mchwa watafunavyo boriti.

"Shangazi," nilinong'ona, "koti ndilo lililolimaliza. Linanyonya umande na masizi, linalikumbatia navyo kutwa. Lingekaa uchi, jua lingelikausha."

"Yaani nimeliua kwa mapenzi?"

"Kidogo tu, Shangazi."

Mwenye tanuru, tuliyemwita Bwana Masizi, akavuka barabara na nyundo. "Mama, nilivunje?"

"Vunja pua yako! Gauni limening'inia nyuma ya mlango huuhuu wa bati la kukunja juu. Ukigonga, kutu yote ya bati itamwagikia weupe wake."

"Jamani, nitachelewa, ataniacha!" akalia bibi harusi, misuko yake ikimeremeta kwa mafuta mapya.

Shangazi akaitazama misuko ile kama jemadari aonaye ghala la silaha. "Mwanangu, inama."

"Nywele zangu!"

"Unataka nywele au mume?"

"Vyote!"

"Basi inama."

Akakamua msuko mmoja juu ya tundu la ufunguo, tone kwa tone, huku Bwana Masizi ameshika nyundo kifuani kama mtu aliye msibani. Akageuza. Kwiii! Adui akafungua kinywa, mlango ukajikunja juu, na gauni likaonekana, jeupe, bila doa hata moja.

Mtaa mzima ukalipuka kwa vigelegele. Wenye kuandika historia na waigawe upya: zama kabla ya kufuli kufunguka, na zama baada yake, na katikati ya zama hizo amesimama Shangazi, pini mdomoni, akinguruma, "Usipumue, nafunga zipu!"