Chungu cha Jibini kwa Wakwe wa Uswisi

Jumatatu, 2 Februari
Habari kubwa. Mjukuu wangu Darlène anaposwa na Mswisi, jina lake Reto. Wazazi wa kijana wanakuja Jumamosi, hapa kwetu ugenini, mtaa wa St. James Town, ghorofa ya kumi na saba. Nani atasema kwa niaba ya familia? Mimi, mkubwa. Mdogo wangu Bonaventure anataka apewe yeye nafasi hiyo, eti mimi najisifu mno. Mimi! Nikamwambia Waswisi nawajua, nimeishi kwao, nitawapikia chakula chao wenyewe. Akasema sawa kaka, wakila wakaomba tena, utasema wewe. Wakikataa, nasema mimi. Mke wangu Donatienne akawa shahidi. Alianza kucheka mapema.

Niliishi Uswisi kweli. Usiku mmoja, uwanja wa ndege wa Zuriki, tukisubiri ndege ya kuja huku. Lakini nililala pale na kuamka pale.

Jumanne, 3 Februari
Darlène amenisomea vyakula vyao kwenye simu. Namwuliza kwa Kiswahili, anajibu kwa Kiingereza, tunaelewana. Watu wa ajabu hawa. Wana viazi vya kukwaruza, vinakaangwa kama chapati nene, vinaitwa rösti. Wana makaroni yaliyochanganywa na viazi, kisha pembeni matufaha ya kupondwa. Matufaha na makaroni! Nimeliwaza jambo hili mpaka chai ikapoa. Nani alijaribu kwanza? Alikuwa na njaa au alikuwa na wageni?

Jumatano, 4 Februari
Nimepika rösti. Nje kavu, ndani laini. Nimeimaliza yote Bonaventure asionje. Lakini ni viazi tu, haitawashangaza wakwe.

Nimechagua fondyu. Jibini, sisi Bukavu tuliita fromaji, inayeyushwa chunguni, watu wanakizunguka, kila mmoja anachovya kipande cha mkate kwa uma mrefu. Chungu kimoja, watu wote! Mkate ukikuangukia ndani, unapewa adhabu. Kumbe hawa ni watu wa kwetu.

Ijumaa, 6 Februari
Fondyu inataka divai nyeupe. Donatienne amesema divai haiingii jikoni kwa shemasi wa kanisa. Shemasi ni yeye. Nimenunua soda ya tangawizi. Ina povu, ina ukali. Mswisi hatajua.

Jumamosi, 7 Februari
Wakwe walifika na theluji viatuni. Jibini ikagoma. Chini bonge kama mpira, juu maji ya njano. Bonaventure akachungulia, akauliza, kaka, unapika au unafua?

Nikafanya anachofanya mtu yeyote wa Bukavu akiona chungu kimekuwa chepesi. Nikatia unga wa mahindi, nikasonga kwa mwiko. Ikashika. Ikashika mno. Nikapeleka mezani bugali wa njano unaonuka jibini. Uma wa kwanza ulisimama wenyewe.

Baba Reto akaonja. Bonaventure akaanza kurekebisha tai yake. Kisha mzee akasema, Darlène akitafsiri, kwamba kusini mwa Uswisi wanasonga hivihivi, unga wa mahindi na jibini, wanaita polenta. Bibi yake alimpikia. Akamwona Donatienne anamega kwa mkono, naye akaenda kunawa, akamega. Akaomba tena.

Nikamtazama Bonaventure. Nikasema bila shaka ni polenta, nilijifunza nilipoishi kwao. Mzee akafurahi, akauliza niliishi mji gani. Zuriki, nikasema. Mtaa gani? Nikasema karibu na ndege.

Bonaventure alicheka mpaka akakosa pumzi, mama Reto akampa maji.

Jumapili, 8 Februari
Nilisema mimi. Nilisema kwa urefu, Darlène akatafsiri kwa ufupi, posa ikapokelewa. Leo Bonaventure ameeneza kanisani kwamba niliishi uwanja wa ndege. Wivu. Nimetangaza mbele ya watu kwamba harusini nitapika raklete, jibini inayopigwa moto kwa juu na kukwanguliwa juu ya viazi. Wageni mia mbili. Darlène amesema, “Babu, no,” mashine ya raklete hatuna.

Nimeitazama pasi ya nguo ya Donatienne. Moto wake unatosha.