Msimamo wa Leo

"Serikali inapenda kuutangazia umma kwamba, kuanzia sasa, itakuwa na msimamo kila siku, isipokuwa siku ambazo magazeti hayachapishwi."

Tangazo hilo ndilo lililozaa Idara ya Msimamo: chumba kimoja cha Ikulu, simu moja, chupa ya gundi na Mama Mkasi. Kila asubuhi alikata vichwa vya habari, akavibandika kwenye faili, akampelekea Mheshimiwa ili ajue siku hiyo anaamini nini. Wiki moja Mheshimiwa alilipinga daraja Jumatatu, akaliunga mkono Jumanne, na Jumatano akalizindua, ingawa lilikuwa halijajengwa. Wananchi walimsifu kwa usikivu.

Mama Mkasi hakuwa mtu wa kulalamika. Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Lakini wiki hii roho ilikuwa juu. Waziri wa Habari alitaka wodi ya wazazi ya mtaani kwa kina Mama Mkasi igeuzwe studio ya hotuba za Mheshimiwa, na binti yake Mama Mkasi alikuwa amebakiza siku chache kujifungua. Hospitali nyingine ilikuwa mwendo wa saa tatu, kwa gari ambalo hawakuwa nalo.

"Mheshimiwa, na ile wodi je?" aliuliza akiweka faili mezani.

Mheshimiwa alipekua mpaka mwisho. "Mbona hawajaandika kitu?"

"Wanasubiri kauli yako."

"Na mimi nasubiri yao. Tusiwaharakishe wenzetu."

Waziri alikuwa pembeni, anatabasamu. Bwana huyu alikuwa ameshaunga mkono kila upande uliopo. Hata mpirani alivaa fulana ya timu moja na kofia ya nyingine. Alimfuata Mama Mkasi mpaka idarani, akanyanyua simu bila hata hodi.

"Mhariri? Andika Mheshimiwa amejiuzulu. Sababu weka yoyote. Akisoma tu atakubali, namjua. Mimi? Niko tayari kulitumikia taifa." Akakata simu. "Mama, hujasikia kitu, eti?"

"Mimi nakata magazeti tu, baba."

Mhariri alikuwa mtu wa taratibu. Habari kubwa hakuichapa kabla ya kuithibitisha Ikulu, na Ikulu nzima simu iliyopokelewa ilikuwa ya Mama Mkasi peke yake. Haikupita nusu saa ikalia.

"Eti ni kweli Mheshimiwa anaondoka?"

Mama Mkasi aliutazama mlango. Aliogopa, tena sana. Miaka kumi na minane hakuwahi kuongeza hata nukta.

"Ni kweli, mwanangu, ila umeipata nusu. Kabla ya kuondoka amemfukuza Waziri wa Habari. Na wodi ya wazazi inabaki palepale, inaongezewa wakunga wawili."

"Wawili?"

"Andika wanne."

Kesho yake Mheshimiwa alisoma akiwa amesimama.

"Kumbe mimi ni mkali hivi," alisema taratibu. "Naondoka kwa sababu gani?"

"Afya. Ukurasa wa tatu."

Alijishika kiuno kuona kama kinauma. Kiliuma. Akaketi, akasaini barua tatu alizowekewa mezani: ya wodi, ya Waziri, na yake mwenyewe.

Waziri aliingia na suti mpya. "Mheshimiwa, nimepokea kwa majonzi makubwa..."

"Wewe nilikufukuza jana. Waziri wa Habari mzima, husomi magazeti?"

"Lakini hukusema hayo!"

"Nimesema. Yako hapa."

Waziri alifungua mdomo kupinga, lakini mazoea yana taabu. "Ni uamuzi wa busara," alijikuta akisema. "Nauunga mkono kwa asilimia mia." Walinzi wakamsindikiza nje.

Mheshimiwa alibaki akilitazama gazeti.

"Mama, hili naomba niondoke nalo. Mke wangu kila siku ananiambia sijawahi kuamua jambo."

Mama Mkasi akamkunjia vizuri, kisha akaenda kumpigia binti yake simu.