Foleni Mbele ya Tambi Zangu

Jumatatu, 2 Septemba
Duka la tambi limefunguliwa! Fataki, vikapu vya maua, zulia jekundu. Wateja wawili, na mmoja aliulizia choo. Si kitu. Biashara ya miavuli ilinishinda kwa sababu ya ukame, ya sungura kwa sababu walizaana kuliko wanunuzi. Tambi zitanishindaje? Mke wangu Suqin kasema viti visipojaa kufikia Jumapili, nakwenda kuchambua vifungo kiwandani kwa kaka yake. Mimi! Mtu wa Wenzhou, mji wa wafanyabiashara, kuajiriwa! Na shemeji ataniita Bosi mbele ya wafanyakazi wake, huku anacheka. Bora nife.

Jumanne, 3 Septemba
Nimepata dawa. Ng'ambo ya barabara Bibi Lou anauza maandazi ya mvuke, na mlangoni kwake foleni haikauki. Watu wa mji huu wakiona foleni hujiunga kwanza, huuliza baadaye. Basi nitakodi foleni! Nimekwenda uwanjani wanakocheza muziki akina mama wastaafu kila jioni, nikamwona kiongozi wao, Mama Ke. Nikamwahidi kila mmoja bakuli la tambi. Akasema sawa, ila nyama iwe ya kuonekana, si ya kuhadithiwa. Mwanamke mgumu! Tumekubaliana.

Jumatano, 4 Septemba
Foleni mpaka kwa kinyozi! Nilitaka kulia kwa furaha. Wapita njia wakajiunga kweli. Tatizo: akina mama walikalia viti vyote, wakala polepole, wakazungumzia magoti yao. Wateja wa kweli wakachoka, wakavuka kwa Bibi Lou. Akanipigia kelele kutoka ng'ambo: "Ahsante jirani! Kesho niletee wengine, wenye njaa zaidi!" Mtaa mzima ukacheka. Suqin naye akacheka. Hiyo ndiyo iliyoniuma.

Alhamisi, 5 Septemba
Akina mama hawakuja. Nikatoka kuwatafuta, nikaona foleni ndefu, nikaingia bila kufikiri. Nikasogea, nikasogea, mara niko uso kwa uso na Bibi Lou, ananikabidhi mayai mawili. Bure! Anamgawia kila anayefika. Mama Ke alikuwa nyuma yangu, akaniambia nisichague makubwa peke yangu. Ndipo nikaelewa. Foleni yangu yote imehamia kwake, pamoja na mimi.

Ijumaa, 6 Septemba
Vita! Nimenunua mayai ya kujaza jiko zima. Bure, na mengi kuliko yake! Bibi Lou leo kaacha kugawa, kakaa mlangoni anatazama. Akina mama wakaja, wakachukua, wakaaga. Nikawauliza, na tambi je? Mama Ke akanishika mkono kama mgonjwa. "Mwanangu, mayai yako mazuri. Tambi zako tulikula Jumatano, inatosha." Trei zimebaki mpaka chini ya kitanda. Na joto hili! Suqin hakugomba. Nimeogopa zaidi.

Jumamosi, 7 Septemba
Suqin kayachemsha mayai, kayagonga maganda yakapata nyufa, kayarudisha motoni na majani ya chai, mchuzi wa soya na mdalasini. Sufuria kaiweka mlangoni. Nikamwambia nani atalipia yai alilogawiwa bure jana? Adhuhuri foleni imepinda kona. Sikukodi hata mmoja! Mama Ke kanunua kwa pesa yake. Bibi Lou mwenyewe kavuka, kala amesimama, kasema, "Jirani, mkeo ana mkono. Wewe una mke." Nikamshukuru kwa sifa.

Jumapili, 8 Septemba
Viti vimejaa! Shemeji kaja na ovaroli langu la kiwandani, limekunjwa vizuri. Kakosa pa kukaa. Kala mayai sita, kajifuta mdomo kwa ovaroli, kaondoka nalo. Nimepona! Suqin kasema tambi basi, tunauza mayai, na kazi yangu ni moja tu: kununua viungo asubuhi na kurudi moja kwa moja. Nimekubali. Asijisikie vibaya, lakini kilichotuokoa ni ujuzi wangu wa foleni.

Jumatatu, 9 Septemba
Nimetumwa mdalasini. Sufuria inangoja, wateja wanangoja. Lakini hapa sokoni kuna foleni, mama yangu wee! Naandika daftari likiwa juu ya mgongo wa mzee aliye mbele yangu, hana neno. Suqin anapiga simu tena. Atanishukuru. Sijui wanauza nini. Nitachukua viwili.