Shubiri Kabla ya Safari ya Dar

Jumapili, 4 Agosti 1974
Nashindwa hata kukaa! Mdogo wangu Lukasi, niliyemlea tangu mama alipofariki, amechaguliwa kukimbia Dar kwenye mashindano ya mataifa jirani. Kwaya yetu itapanda meli kwenda kuwaimbia wanariadha. Imebaki nafasi moja. Padri ataamua Jumamosi: mimi au Bi Agneta. Ila mama anayenyonyesha hapandi meli. Agneta akamtazama Tito wangu kifuani, akazidi kupaza sauti ya wimbo.

Nimejiuliza, kama Mkristo, kwa nini nataka safari hii. Jibu: upendo kwa ndugu. Na kumshinda Agneta, kidogo.

Jumatatu, 5 Agosti
Jirani yangu Somoe, mtu wa Mikindani, kaniletea kipande cha shubiri. Kasema wanawe wote waliacha ziwa kwa dawa hiyo, siku ileile. Nikailoweka, nikajipaka chuchuni. Tito akaonja. Akakunja uso. Akanyonya mpaka mwisho! Kisha akahamia la pili. Somoe kacheka hadi akakaa chini: shoga, wewe hukuzaa mtoto, umezaa mganga.

Jumatano, 7 Agosti
Nimevaa koti la kazi la mume wangu Hilari, linalonuka grisi na korosho, ili Tito asinijue. Alilia kama nimekufa. Hilari karudi kutoka bandarini, kauliza koti lake limemkosea nini mtoto. Nikalivua. Nikampa ziwa. Na mimi nikalia.

Lakini kesho hapati! Nimeshasema.

Alhamisi, 8 Agosti
Amepata.

Ijumaa, 9 Agosti
Mungu kanifungua akili. Padri anapenda maandazi! Kesho baada ya mazoezi ya kwaya nitawaandalia wote chai, moyo wake ulainike. Nimekanda unga jioni hii, mara tu baada ya kujipaka shubiri nzito kuliko zote. Uchovu ulinisinziza juu ya beseni. Mikono nilinawa? Niliipangusa kwenye kanga. Inatosha.

Jumamosi, 10 Agosti
Padri kauma. Kasali tena.

Agneta katemea dirishani, kauliza: Mama Tito, leo unatukaangia dawa ya minyoo? Kwaya nzima ikaweka maandazi chini. Tito peke yake alimaliza lake, akanyoosha mkono kwa la Padri! Ikabidi niungame habari ya shubiri mbele ya watu wote, na wanaume wa besi wakisikiliza. Padri kacheka mpaka miwani ikamdondoka. Kisha kasema taratibu kwamba huyu mtoto bado ananihitaji. Nafasi ni ya Agneta.

Nimemwomba Mungu aniondolee wivu. Nasubiri.

Lukasi kaja kuaga. Nilimwambia sitamwona akikimbia. Yeye akachukua andazi, akalila lote bila kukunja uso, akachukua jingine. Kasema, dada, mbona haya ndiyo niliyokulia? Kafungasha yaliyobaki. Atawakaribisha wapinzani wake.

Jumapili, 18 Agosti
Redio ya Somoe! Tulijazana barazani kwake, Waislamu kwa Wakristo, mtangazaji akilitamka jina la mdogo wangu vibaya. Lukasi wa pili! Vigelegele vilipaa hadi Tito akasahau kunyonya. Muda mfupi tu, lakini alisahau. Nimeona.

Na kuna habari nyingine: mwakani watakimbia Lusaka. Padri kasema huenda kwaya ikaalikwa tena. Agneta ameshaanza kumpelekea mayai.

Mwakani Tito atakuwa mkubwa. Ila mwezi huu sijaziona siku zangu, na asubuhi natapika. Si neno! Huyu nitaanza naye mapema. Kipande cha shubiri kilichobaki nimekificha mahali pakavu, pasipofikiwa na mtu: ndani ya debe la unga wa ngano.