Uzinduzi wa Wembe Mmoja wa Maisha, Kabati

Mheshimiwa Mwenyekiti wa mkutano, mheshimiwa makamu wake, mheshimiwa aliyetaka kuwa makamu akakosa lakini bado akaja, mchungaji uliyetuombea kwa ufupi wa kuridhisha, Mzee Gabow na wenzako wa biashara ya mifugo, vinyozi wote wa Kabati mlio katika likizo ya lazima, mabibi na mabwana, protokoli zote zikizingatiwa, nawasalimu kwa Kikamba: mwi aseo? (Twi aseo! Sauti ya nyuma: Na ndevu tuko nazo!)

Mimi, Daktari Mtarajiwa Ndeti, Mkurugenzi Mkuu wa Kamati Maalum ya Kunyoa Kijani, nimesimama hapa, kwa ule unyenyekevu ambao watu wengi hunisifia, kuzindua mradi wa Wembe Mmoja wa Maisha, ambao, baada ya ziara za kina za benchmarking katika nchi zenye hoteli nzuri sana, umebaini kwamba viwembe vya plastiki mnavyotupa ovyo ndivyo vinavyoziba mito yetu na kuzuia maji kutiririka. (Mama mmoja: Mto gani? Si ulikauka!) Asante, mama, hiyo sasa ndiyo evidence.

Ndiyo maana, kwa kushirikisha stakeholders wote, tuliwaomba vinyozi wasalimishe viwembe, mikasi na hata mashine za kunyolea, kwa kuwa stima nayo ina mambo yake, ili wapewe wembe wa kukunja, ule wa babu zetu, unaonolewa kwenye mkanda na kuachiwa wajukuu. Utekelezaji umefikia asilimia mia moja na nne, kwa sababu kuna mwananchi mzalendo aliyeleta mpaka kisu cha jikoni. (Sauti: Huyo ni mzee wangu, na sukuma wiki tunakatakata na mikono!)

Namwona kinyozi Kimeu, ambaye amefunga duka kwa ajili ya mazingira. (Kimeu: Nilifungiwa!) Namwona pia Mutisya, anayefunga ndoa kesho, na ambaye bibi harusi, Nzisa, alimwambia mbele ya kanisa lote kwamba hasimami madhabahuni na kichaka. (Nzisa: Na bado nasema!) Mutisya, usiwe na wasiwasi. Leo utanyolewa hapa hapa jukwaani, kwa wembe wa kwanza wa mradi. (Vigelegele. Mutisya anavua koti.)

Sasa nikate utepe. Mkasi uko wapi? (Kimeu: Si mlichukua!) Basi fungueni sanduku la mradi, nipeni wembe mmoja. (Sanduku linafunguliwa. Limejaa mchanga.) Mnaona, wananchi? Mto umeanza kurudi! Hii ni phase one, wembe utafuata kwenye phase ambayo iko kwenye roadmap, na utepe huu nitaukata kwa meno, ambayo ni rafiki kwa mazingira. (Anatafuna. Utepe unagoma.)

Wembe mmoja! (Uko wapi?) Maisha mamoja! (Ya nani?)

Namalizia kwa shukrani: kwa Bwana Kyule wa hardware, aliyetuazima sanduku na mchanga, anavitaka jioni, kwa aliyetuchorea wembe kwenye bango, maana hatukuwa na mwingine, na kwa kinyozi Kiema wa mjini Sultan Hamud, aliyeninyoa asubuhi hii mpaka nikang'aa hivi, kwa mashine ambazo vinyozi wa Kabati mkizipata pale mtazitambua mara moja. Mutisya, ukitoka sasa hivi utamkuta. (Mutisya ameshaondoka. Kimeu anamfuata, na vinyozi wote nyuma yake.) Mungu awabariki. Jamani, kuna anayeweza kunitoa huu utepe kwenye meno?